Nilichokichomoa Nyuma ya Kompyuta ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa amelala kifudifudi kitandani, analia kwa kwikwi... na mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya meza yake, nachomoa ushahidi.

Ushahidi wenyewe ni kidude kidogo, hakifiki hata ukucha wa kidole gumba.

Nilikichomoa taratibu, nikakifumbata kiganjani.

"Dada, unafanya nini huko?" akaniuliza bila kugeuka.

"Naangalia waya kama umelegea."

"Umelegea?"

"Hapana. Uko sawa tu."

Nikamwambia pole, nikatoka, nikajifungia chumbani kwangu na kukaa sakafuni. Ndugu zangu, sikuwahi kujiona mtu mbaya mpaka jioni ile.

Ngoja niwasimulie toka mwanzo, maana hii haielezeki kwa mkato.

Wengi wenu mnanifuata hapa kwa sababu ya mausi. Nikiletewa mausi mpya ya gemu naipima uzito kwa mizani ya jikoni, naichezea kutwa nzima, naiangusha makusudi, nasikiliza mlio wake, halafu nawaambia kama inafaa kazi au ni pambo la mezani. Ninyi wenyewe mkanibatiza Dada Kipimo. Siwafichi, jina hilo lilinipanda kichwani.

Mdogo wangu yeye ni mchezaji. Wenzake wanamwita Kidole, kwa jinsi anavyobonyeza kabla hujajua kaona nini. Timu yao inaongozwa na rafiki yake wa tangu shule, tunamwita Kepteni, na mchana wa siku ile walikuwa na mechi ya kufuzu mashindano makubwa. Kila mmoja anacheza kwao, mwamuzi anawafuatilia mtandaoni, na watu wanatazama moja kwa moja.

Alikuwa ameisubiri mechi ile kama mtu anayesubiri harusi yake. Na harusi nayo ilikuwa inakuja, lakini hilo nitalifikia.

Sasa, wiki hiyo duka moja lilikuwa limeniletea mausi isiyo na waya, nyepesi mno. Ukiishika unadhani umeshika ganda la yai. Asubuhi nikataka kujua inashika kutoka umbali gani.

Mausi hizi huongea na kompyuta kupitia kidude kinachochomekwa nyuma yake. Chumba changu ni finyu, hakina umbali wa kupima chochote. Kwa hiyo Kidole alipoingia bafuni nikajipenyeza chumbani kwake, nikachomeka kidude kwenye kompyuta yake, nikaegesha simu mbele ya kioo cha kompyuta inirekodie mshale, halafu nikaanza kutembea na mausi nyumba nzima. Sebuleni. Jikoni. Mpaka chumbani kwangu, mlango umefungwa, kuta mbili katikati yetu.

Niliporudi kuangalia video, mshale ulikuwa unanifuata kila nilikokwenda. Nilifurahi mpaka nikacheza peke yangu.

Simu niliikumbuka. Kidude nikakisahau.

Mchana nikaingia kwenye kipimo changu cha mwisho, ambacho ni sauti. Hapo huwa nazima kompyuta yangu ili isivume, nafunga dirisha, naweka simu karibu, na nabonyeza haraka kadiri ninavyoweza ili msikie mlio. Mausi lazima iwe imewashwa, maana mnapenda kuona taa zake.

Basi nikabonyeza. Ile mausi ni nyepesi kila kitu, hata vitufe vyake vinaitika kwa kuguswa tu. Nilikuwa nabonyeza huku natabasamu, nafikiria mtakavyoisifia.

Upande wa pili wa nyumba, bunduki ya mdogo wangu kwenye gemu ikaanza kufyatua yenyewe.

Mwamuzi alisimamisha mechi mbele ya watazamaji wote. Alisema hakuna kidole cha binadamu kinachobonyeza kwa namna ile juu ya mibonyezo mingine, kwa hiyo Kidole alikuwa ametumia programu ya kudanganya. Timu nzima ikatolewa mashindanoni. Kidole akaapa, akaapa tena. Kepteni, mtu aliyekula kwetu toka hajaota ndevu, alimjibu watu wote wakisikia.

"Umetuuza. Usinipigie tena."

Mimi nilikuja mbio niliposikia kilio. Nilipomuuliza akanieleza yote, na macho yangu yakaenda nyuma ya kompyuta.

Kile kidude kilikuwa kinawaka taa.

Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikawafikiria ninyi. Dada Kipimo, anayewafundisha watu umakini, kasahau kidude kwenye kompyuta ya mdogo wake siku ya mechi. Nikajiambia nitamwambia akitulia.

Mengine mmeshayasikia.

Kesho yake video yangu ikatoka kama ilivyopangwa. Nikiwa nimependeza, nimejipodoa, nawaambia, "Hii inapenya kuta mbili bila kupoteza hata mbonyezo mmoja." Mkafurika kwenye komenti kunisifu. Kila sifa niliyosoma ilikuwa inanisuta, na bado nikawa naendelea kusoma.

Nilidhani Kidole atakasirika wiki moja, atatafuta timu nyingine, maisha yataendelea. Ndivyo nilivyojifariji.

Kumbe mwenzangu alikuwa anawaza kitu kingine kabisa.

Siku moja nilimkuta amekaa, mkono wa kulia ameuweka mezani, anautazama tu. Nikamuuliza kulikoni.

"Dada," akasema, "nimeirudia ile mechi mara nyingi. Mwamuzi hajanisingizia. Mibonyezo ipo kweli."

Nikageukia dirishani.

"Programu sikuweka. Sasa kama sikuweka programu na mibonyezo ipo... ni kidole changu. Kilicheza chenyewe, na mimi sikuhisi."

Hapo inabidi mjue habari za baba yetu.

Baba alikuwa fundi saa. Mtu wa skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Ugonjwa wake ulianzia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kikawa kinatikisika chenyewe akiwa ametulia, na yeye mwenyewe hakujua. Wateja ndio waliona. Ukapanda mkononi, ukaenda mwili mzima. Mama alimfunga vifungo, akamlisha, akamnywesha, mpaka alipotutoka. Tuliyaona yote, sisi watoto wake.

"Baba naye hakuhisi mwanzoni," Kidole akasema. "Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Na jibu la hofu yake lilikuwa kwenye droo yangu, limefungwa ndani ya soksi.

Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia apumzike, labda ni uchovu. Hata leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Palepale ningeweza kumtua mzigo wake kwa sentensi moja, nikaimeza.

Kila siku iliyopita ukweli ulizidi kuwa mgumu kusema. Mwanzo ulikuwa ni usahaulifu tu, sasa ulikuwa umeshakuwa uongo, na uongo wenyewe ulikuwa na mama ndani yake, na ugonjwa, na marehemu. Nikawa napishana naye koridoni nikijifanya naongea na simu.

Halafu akaja wifi yangu.

Mchumba wake Kidole ni mwalimu wa chekechea, binti mpole, mcheshi, ambaye mama alishaanza kumwita mwanangu. Aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akakaa kitandani na mkoba wake mapajani kama mgeni.

"Wifi, naomba uniambie ukweli," akasema. "Nimemkosea nini ndugu yako?"

Nikamuuliza kwani kumetokea nini.

"Kaniambia tusiendelee. Hataki kusema sababu. Ananiambia tu nitamshukuru mbele ya safari."

Sababu niliijua hata kabla hajamaliza. Kidole hakutaka huyu binti aje amfunge vifungo kama mama alivyomfunga baba.

Wifi akanitazama, anasubiri. Na mimi, kwa mdomo huu huu ninaowafundishia ninyi, nikamjibu kwamba wanaume ndivyo walivyo, ampe muda. Akanishukuru! Akanikumbatia kabisa, akaondoka anafuta machozi kwa kiganja.

Nikabaki najichukia. Sijui niwaelezeje zaidi ya hapo.

Kilichonivunja lakini hakikuwa wifi. Alikuwa mama.

Mama hakuambiwa kitu na mtu. Ila ni mama, na alishamuuguza baba. Alimwona mwanawe anakunywa chai kwa mikono miwili. Alimwona anaficha mkono wa kulia chini ya meza. Hakuuliza.

Asubuhi moja tukiwa mezani, akatoka jikoni na kikombe ambacho nilikuwa sijakiona toka msiba. Kikombe cha bati chenye mishikio miwili, huku na huku. Kikombe cha baba.

Akamwekea Kidole mbele yake.

Akammiminia chai, akaijaza nusu tu, kama alivyokuwa akimjazia baba ili isimwagike. Halafu akarudi jikoni haraka, na tukasikia maji yanafunguliwa kwenye sinki ambalo halikuwa na chombo hata kimoja.

Kidole akakitazama kile kikombe. Akaingiza vidole kwenye mishikio, mkono mmoja huku, mwingine huku. Hakuleta ubishi wowote. Alikuwa ameshakubali.

"Usikinywee hicho," nikasema.

Akanyanyua macho.

"Wewe si mgonjwa. Ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikaenda chumbani, nikarudi na ile soksi, nikakimwaga kidude mezani mbele yake. Nikamweleza yote. Asubuhi ile na umbali, mchana ule na sauti, na jioni ile nilipopiga magoti nyuma ya meza yake. Nilisema haraka haraka nikiogopa nikivuta pumzi nitaacha.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono inatiririka maji.

Kidole akakiokota kile kidude, akakitazama. Nilitamani anipige hata kofi, afadhali.

"Umejua toka lini?" akauliza.

"Toka siku ile ile."

"Ulipokuwa unaniambia waya uko sawa?"

"Ndiyo."

"Na nilipokuonyesha mkono wangu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Akanyanyua ule mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kisha akalaza kichwa mezani, na mabega yakaanza kumtikisika. Mama akamwahi. Kwangu hakuja, wala sikutegemea aje.

Alipotulia aliniambia neno moja tu, nimtafute Kepteni.

Kepteni alikuja siku ya pili, uso umekunjamana. Hakutaka hadithi, alitaka kuona. Akampigia mwamuzi kwa video ili naye ashuhudie. Tukachomeka kidude nyuma ya kompyuta ya Kidole, pale pale. Kidole akafungua gemu, akaweka mikono yote miwili kichwani. Mimi nikatumwa chumbani kwangu na mausi, mlango ukafungwa.

"Bonyeza," Kepteni akapaza sauti.

Nikabonyeza kama siku ile. Nikasikia milio ya risasi kutoka chumba cha pili, na juu yake sauti ya Kepteni ikisema jina la Mungu.

Mwamuzi akasema ameridhika, na kwamba uamuzi utarekebishwa mbele ya watu wale wale walioona. Kepteni alikuwa anamwomba radhi Kidole, nawasikia ukutani, sauti zinagongana, mmoja anacheka mwingine analia. Nikajiambia basi, nimelipa. Kumbe bado.

Kwa sababu Kepteni akaita tena.

"Dada, sasa acha kubonyeza. Ishike tu, itulie. Tunataka kuona kama mshale nao ulikuwa unasukumwa."

Nikaweka mkono juu ya mausi, nikatulia.

"Dada, tulia."

"Nimetulia."

"Mbona mshale unatetemeka?"

"Labda mausi mbovu," nikajibu. "Nyepesi sana hii, inasikia kila kitu."

Wakaniambia niiache mezani. Nikaondoa mkono. Kepteni akasema mshale umesimama. Nikarudisha mkono, nikaulegeza kabisa, nikashika pumzi.

Nikasikia hatua koridoni.

Mlango wangu ukafunguliwa. Alikuwa Kidole, peke yake. Hakutazama uso wangu. Alitazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya mausi, na mimi nikafuata macho yake.

Kidole changu cha shahada kilikuwa kinatikisika. Kidogo tu. Kwa mausi nzito mtikisiko ule ungeishia humo humo ndani ya uzito. Mimi mwenyewe nilikuwa sihisi chochote.

Akaichukua mausi, akaishika yeye. Akapaza sauti kumuuliza Kepteni.

"Imetulia," Kepteni akajibu.

Akanirudishia. Nikaishika.

"Inatetemeka."

Jamani...

Nikakumbuka mausi nyingine nyepesi nilizopima mwaka huu na kuwaambia msinunue kwa sababu mshale wake hautulii. Mliniamini. Wenye mausi zile, naomba mnisamehe, hazikuwa na kosa.

Nilijua Kidole angesema nini. Angekuwa na haki ya kusema chochote. Angeweza kuniambia labda ni uchovu, nipumzike, na kuniachia nilale nayo kama nilivyomwachia yeye.

Akakaa sakafuni karibu yangu, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaubana mpaka ukatulia.

"Nilikuwa nimeshaweka miadi kwa daktari wa mishipa ya fahamu," akasema. "Sikumwambia mtu. Leo nilitaka kupiga simu niifute."

Akavuta pumzi.

"Sasa siifuti. Nabadilisha jina tu. Tutaenda wote."

Nikashindwa kumtazama. Mimi nilimwacha na hofu ile siku zote zile, alale nayo, aamke nayo, aachane na mchumba wake kwa sababu yake. Yeye hakuniacha nayo hata kwa muda wa kunyanyuka na kunywa maji.

Tumeshakwenda. Daktari amesema ndio mwanzo wa ugonjwa ule ule wa baba, na kwamba wengi huja wakiwa wamechelewa sana, mimi nimewahi. Dawa nimeanza. Timu imerudishiwa nafasi yake, na Kidole amerudi. Wifi naye amerudi, ingawa bado ananiitikia kwa mkato, na sina ubavu wa kulalamika. Mama anatupikia sote, anatuombea sote, ila kuna siku ananitazama mpaka nainamisha macho.

Kwa hiyo kama kuna mtu ndani ya nyumba yako anaogopa kitu, na jibu lake unalo wewe, acha kusoma hapa uende ukamwambie. Ukisema utangoja atulie, jua unayengojea atulie ni wewe.

Na jambo la mwisho.

Maneno haya sikuyaandika mimi. Nilijaribu, aibu ikanishinda, nikawa nafuta tu. Kidole akakaa kwenye kompyuta yake, akaniambia niseme, yeye atachapa.

Nimesema yote, na yeye amechapa yote. Tulipofika pale nilipopiga magoti nyuma ya meza yake, aliacha kuandika. Alinitazama kwa muda. Nikamwambia kama anataka aparuke, aparuke.

Akasema hapana, endelea. Ukaniambia nini?

Nikamwambia, nilikwambia waya uko sawa.

Akaliandika na hilo.